Mafuta Meusi Juu ya Mbao za Damien

Kalemie, Februari 1975

Kwa kaka yangu mkubwa, Yaya Édouard, Kabalo,

Kabla sijakusalimu, nataka ulijue neno nitakalolitetea: mbao za kuwambia ngozi alizoziacha marehemu kaka yetu Damien ni mali ya mjane wake, Marceline, na si yeye aliyeziharibu. Sasa nakusalimu kwa heshima unayostahili. U mzima? Watoto wanaendeleaje, na kifua chako kimepona tangu urudi kazini kwenye reli? Huku ziwa limechafuka na samaki ni haba, lakini Mama anakula vizuri na anamgombeza kila mtu, kwa hiyo tunajua kwamba hana ugonjwa.

Unakumbuka misa ya kumuombea Damien. Tulipotoka, ulisimama katika ua wa kanisa mbele ya ukoo na mbele ya wawindaji wa Mpala, wale waliokuwa wakimletea Marceline ngozi za fisi-maji azikaushe. Ulisema kwamba mwanamke huyu hajui kutunza kitu cha mume. Kwamba ngozi zimetoka kwenye mbao zake zikiwa na madoa, manyoya yamegandamana, na mnunuzi amezikataa. Kwamba kuanzia siku ile mbao zikae kwa binamu yetu Ignace. Mtu mmoja alitania kwamba labda Mama Marceline alizikaangia ndizi. Watu walicheka, nami nikacheka. Kisha ukaniomba mimi, mwenye diploma, nieleze, nikaeleza kwa Kifaransa kirefu jinsi ubao usiokwanguliwa unavyokunywa mafuta ya ngozi.

Maelezo yale yalikuwa uongo. Sote tulimwona Marceline akifanya kama Damien alivyofanya: kila ngozi ikivuliwa, anakwangua ubao kwa mgongo wa kisu, anausugua kwa majivu makavu, anaupangusa, kisha anaulaza juu darini, mbali na moshi wa samaki na mbali na sakafu ambako mchwa hupanda. Ubao uliotunzwa hivyo hauachi doa. Nenda kwa Ignace uone mbao zilivyo leo: zimesimamishwa kwenye sakafu ya saruji yenye maji, zimeegemea ukuta, na mbili zimeanza kupinda. Nilipomuuliza, alinijibu kwamba ubao ni ubao tu, na kwamba mimi nirudi kwenye vitabu vyangu.

Wawindaji sasa wanapita mbele ya mlango wa Marceline bila kusimama. Kazi ile ndiyo iliyomlisha yeye na watoto wa Damien, hana nyingine. Nilikwenda kumsalimu, akanipa kiti, akaendelea kuchambua mboga. Nilipoanza kuomba radhi kwa mzunguko, alinikatiza akisema kwamba mimi mulamu wake, shemeji yake, najua sana kusema, na kwamba siku ile uani nilisema mengi, ila lile moja alilolingoja halikutoka. Hakuinua sauti. Nilitamani kuondoka.

Neno hilo moja wewe unalijua, Yaya. Mwaka jana dudu walianza kutoboa mbao, na unga ukawa unadondoka kila asubuhi. Kwetu mjane hagusi chombo cha mume kwa dawa mpya kabla hajamuuliza mkubwa wa ukoo, naye akakuuliza wewe. Uliagiza zipakwe mafuta machafu ya mashine, kama tunavyopaka nguzo za nyumba, ukanipa debe nilipokutembelea Kabalo. Nililileta kwa gari la moshi. Marceline alikuwa bado katika kilio, kwa hiyo nilizipaka mimi kwa mkono wangu, nikimfafanulia kwamba huo ndio ufundi wa kisasa. Hatukufikiri kwamba hakuna anayewamba ngozi juu ya nguzo, na kwamba manyoya hulala juu ya ubao hadi yakauke. Dudu walikufa, na ngozi za watu zikaharibika.

Yeye alinyamaza kwa sababu mjane hamtaji mkubwa wa mumewe kwa kosa mbele ya watu. Wewe sijui kama ulisahau. Mimi sikusahau, nilikuwa nalikumbuka debe lile huku nikizungumza Kifaransa. Utasema kwamba mdogo hamhukumu mkubwa. Sikuhukumu. Nimekuwa mwoga kukuzidi, na ninaona haya hata kulitia jina langu chini ya karatasi hii.

Mama anakusalimu, nami ninawasalimu mkeo na watoto wote. Ukija kwa Pasaka, usinijibu faraghani wala kwa barua. Katika ua uleule, mbele ya watu walewale, nitaeleza kwa Kiswahili nilichofanya, kisha nitakuuliza mafuta yale yaliagizwa na nani. Nijibu kwa sauti, wawindaji wa Mpala wasikie.

Mdogo wako,
Firmin