Mke Wangu Yuko Ligi Nyingine

Shangazi Verna mpendwa,

Nisaidie kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo, maana siku hiyo binti yangu mkubwa lazima aseme ndiyo au hapana, na mimi ndiye ninayelikalia jibu lake. Majina yetu yabadilishe tafadhali, ila mji usiubadilishe, watu wa Papillion tuko wengi wenye mashaka haya haya hata tukijifanya tumetulia.

Mimi ni fundi wa mitambo ya joto na baridi majumbani, mke wangu Marcy anasafisha meno kwenye kliniki, na tuna wasichana wawili, Brynn wa miaka kumi na sita na Tatum wa kumi na minne, wote wacheza mpira tangu walipokuwa wakiukimbilia kama vifaranga, kundi zima nyuma ya mpira mmoja. Zamani walikuwa klabu moja. Jumamosi mechi ya mmoja ikiisha ya mwingine inaanza, na mimi na Marcy tunakaa palepale kwenye viti vya kukunja, blanketi moja magotini, tunatafuna mbegu za alizeti na maganda tunatemea kwenye kikombe kimoja, na ukinicheka, Shangazi, nicheke tu, lakini sijui kama nimewahi kuwa na raha kuliko ile. Jumapili tunapika maharage ya pilipili na mikate ya mdalasini, wote wanne mezani, na Marcy anatoa alama kwa kila mtu alivyocheza, hata mimi ninayekaa tu.

Kisha zikaja ligi mbili. Unazijua, kila mwenye binti hapa anazijua, Ligi ya Upeo na Ligi ya Taji, kila moja inasema ndiyo ya wasichana bora na nyingine ni ya waliokosa nafasi, na klabu yetu ikapasuka katikati kwa ajili yao, kocha wa Brynn akabaki Upeo, kocha wa Tatum akahamia Taji na nusu ya wachezaji. Hatukutaka kumtenga mtoto na kocha wake, kila mmoja alikuwa anampenda wake, basi mimi na Marcy tukakaa jikoni tukasema, sawa, wewe na mdogo, mimi na mkubwa, mwaka mmoja tu kisha tutaona. Huu ni mwaka wa tatu. Ligi hizi mbili zinagombania makocha wa vyuo vikuu, wale wanaokuja kuchagua wachezaji wa kuwapa ufadhili wa masomo, kwa hiyo moja ikitangaza mashindano makubwa wikendi fulani na nyingine inatangaza yake wikendi ileile, mmoja wetu yuko Minneapolis na mwingine yuko St. Louis, mmoja anarudi Jumapili jioni mwingine alisharudi amelala kwenye kochi na viatu. Gari langu lina stika ya Upeo, la Marcy lina ya Taji, na kuna wazazi wa timu ya Tatum ambao zamani tulikuwa tunachoma nao nyama na sasa wananiona dukani wanageukia rafu ya nafaka. Na mimi nao nageuka, sitasema uongo.

Mimi na Marcy hatugombani. Laiti tungegombana. Tunaandikiana tu kwenye simu, nani kachukua begi la barafu, soksi nyeupe ziko kwenye mashine, umefika, nimefika, lala salama. Nina hamu na mke wangu, Shangazi, na tunalala kitanda kimoja siku tano za wiki, na sijui mtu mwenye tatizo la namna hii anamwambia nani.

Mwezi uliopita nilikuwa narudi na Brynn kutoka Kansas City, nikasimama kituo cha mafuta pale St. Joseph. Ndani kuna mwanamke amenipa mgongo kwenye mashine ya kahawa, koti la kijani, nywele amezibana kwa kalamu, anapuliza kikombe, na moyo wangu ukaruka kabisa, nikajiambia we Wendell, una mke nyumbani, tazama mbele. Akageuka. Ni Marcy, yuko njiani kwenda kusini na Tatum kwa mechi za kesho yake, na ratiba yake nilikuwa nayo kwenye simu wala sikuwa nimeiangalia.

"Wewe!" akasema. "Unafanya nini hapa?"

"Naangalia wake za watu."

"Angalia haraka basi. Huyu mume wake mkali."

"Yuko wapi huyo mkali?"

"Sijui bwana. Nasikia yuko njiani."

Tukacheka, kisha tukaacha kucheka kwa wakati mmoja. Akaniwekea kiganja shavuni, kina joto la kahawa, na mimi nikasimama pale kama mtoto wa shule, nataka kumwambia Marcy nina hamu na wewe, maneno mafupi tu, lakini kilichotoka mdomoni ni, "Matairi umeyaangalia?" Akasema ameyaangalia. Tatum akapiga honi. "Mama! Kocha anatusubiri hotelini, twende!" Nikawaona wameingia barabara kuu, taa za nyuma zikachanganyika na za malori.

Niliporudi kwenye gari sikuliwasha. Brynn akanitazama, kisha akasema, "Baba, nikikwambia kitu utakasirika?"

"Inategemea. Umegonga gari la mtu?"

"Mwakani sitaki Upeo. Nataka kuchezea shule."

Sheria ya Upeo ni kwamba msichana wao hachezei shule yake, achague. Nikamuuliza kama kocha amemkosea, akasema hapana. Nikamuuliza kama ni kwa ajili yetu mimi na mama yake.

"Baba, msijipe umuhimu," akasema. "Nataka kucheza na rafiki zangu akina Sloane. Watu wa darasani kwangu waje kuniona, wanizomee nikikosa bao. Nataka nikimaliza mechi nitembee kwa miguu mpaka nyumbani. Saa hizi nikifunga bao hakuna anayenijua pale ila wewe."

"Na chuo?"

"Nitasoma kama watu wengine wanavyosoma. Mwambie Mama wewe. Mimi akinitazama tu nitasema basi, nitacheza."

Lazima nikueleze hapo. Marcy amekulia kijiji cha huko magharibi, shule yao ilikuwa na wanafunzi wachache hata kwaya haikutimia, na timu ya mpira ya wasichana haikuwepo. Alikuwa anapiga mpira ukutani kwenye ghala la mahindi la baba yake mpaka giza liingie, peke yake. Binti zake walipochaguliwa, mmoja ligi hii na mmoja ligi ile, alilia jikoni kwa furaha. Sasa nimwambie mkubwa anaiacha?

Nilimwahidi Brynn nitasema. Sijasema. Na si kwa sababu ya Marcy tu, Shangazi, hapa ndipo ninapoona aibu. Hizi klabu hutufundisha wazazi kwamba mtoto akitoka mechini usimtajie mechi ndani ya gari mpaka aanze mwenyewe, basi mimi na Brynn kwa miaka hii tumezungumza kila kitu kingine, marafiki zake, ndoto zake, baba yangu aliyefariki, kwa nini ng'ombe wote hutazama upande mmoja. Ni mtu pekee ninayezungumza naye. Akiacha, Jumamosi atakuwa na wenzake, Marcy ataendelea na Tatum, na mimi nitakaa kwenye nyumba tupu nikisikiliza friji. Jumanne Marcy aliniuliza, "Brynn amesemaje kuhusu mwakani?" Nikajibu, "Bado anafikiria." Brynn alikuwa ngazini, amesikia. Tangu siku hiyo, kila tukiwa kwenye gari anavaa vipokea sauti masikioni.

Nimwache asaini mwaka mmoja tu mwingine? Mwaka si mwingi. Au niseme, nimvunje mama yake moyo, na nibaki bila yeyote wa kuzungumza naye? Niambie, nami nitafanya.

Wendell, Papillion

*

Wendell mwanangu,

Nimeisoma barua yako mara mbili. Mara ya kwanza nilifuta macho, mara ya pili nikatafuta kitu cha kukurushia.

Tuanze na lililo wazi. Umeniuliza kuhusu ligi, lakini kwenye barua nzima ligi umeitukana kidogo tu, mkeo umemwandika kama kijana anayeandika barua yake ya kwanza ya mapenzi. Mtu wa kukosa usingizi kwa ajili ya mkewe aliyelala kando yake, ndoa yake haijafa. Imeachwa nje kwenye baridi tu, na nyinyi wawili ndio mlioiacha, wala si Upeo wala Taji. Ratiba zao ni za kipumbavu, nakubali, fahali wawili wakipigana ziumiazo nyasi. Ila nyasi hazina miguu, wewe unayo, na gari pia.

Sasa Brynn. Mtoto wa miaka kumi na sita amekaa kituo cha mafuta akajikusanya akakwambia anachotaka maishani mwake, kwa adabu, kwa sababu nzuri kuliko nyingi ninazosikia kwa watu wazima. Akakukabidhi. Nawe umemwekea siri hiyo mfukoni ili usikose mtu wa kuzungumza naye barabarani. Nisikilize vizuri: binti yako si mkeo mdogo, wala si dawa ya upweke wako. Ulipojibu "bado anafikiria" ulimnyima sauti yake mbele ya mama yake, na vile vipokea sauti masikioni ndivyo jibu lake. Asisaini hata siku moja, seuze mwaka. Na wewe mwombe radhi leo, kwa maneno, bila kumnunulia kitu.

Kuhusu kumvunja moyo Marcy. Unamwona kama yai. Msichana aliyepiga mpira ukutani peke yake mpaka giza unadhani alikuwa anaota makocha wa vyuo vikuu? Alikuwa anatamani wenzake. Timu ya shule, wasichana wa darasani kwake, kelele za watu wanaomjua jina. Hicho hicho anachokiomba Brynn. Huenda atalia, mwache alie, kaa naye. Lakini usimsemee kilio ambacho hajalia. Miaka yote hii kila mmoja wenu anamlinda mwenzake asisikie kitu, na matokeo yake hakuna anayesikia chochote. Mficha uchi hazai, Wendell.

Tatum msimguse. Anaipenda timu yake, aendelee. Usianze kuwahesabia watoto haki sawa kama unagawa keki, kila mtu na njaa yake. Na kocha wa Brynn akianza kukutisha kwamba mtoto atapotea, mshukuru kwa kazi aliyofanya, mpe mkono, ondoka. Brynn amwambie mwenyewe, wewe simama nyuma yake na ufunge mdomo, kipaji unacho.

Jumamosi ya kwanza ambayo Brynn hana mechi, aende kwa bibi yake au kwa huyo Sloane wake. Wewe ingia gari la Marcy, lenye stika ya Taji, uende ukakae upande wa wazazi wa Taji. Wale mliokuwa mnachoma nao nyama, watangulie kwa salamu. Mtu mzima kujificha nyuma ya maboksi ya nafaka kwa sababu ya ligi ya watoto! Aibu nimeiona mimi kwa niaba yenu wote. Na njiani usizungumzie soksi, wala barafu, wala matairi. Ukiishiwa na la kusema, nyamaza, na muwe mmenyamaza pamoja. Mmesahau hata hilo lilivyo.

Fanya hivyo Jumamosi moja, kisha nyingine, na mkifika mwisho wa msimu mkae wote wanne muulizane nani anataka nini. Si nyinyi wawili jikoni mkiwaamulia. Mlishafanya hivyo mara moja, umeona yalikowafikisha.

La mwisho. Majina nimeyabadilisha kama ulivyoomba, lakini usijidanganye. Hakuna mwanamke asiyemtambua mumewe kwa namna anavyolalamika, na nusu ya Papillion hunisoma na kahawa ya asubuhi. Nimemwomba mhariri aichape Jumatano, siku ambayo hakuna mechi na nyote mko nyumbani. Mambo haya yote ya hamu umeniandikia mimi, mwanamke wa miaka sabini usiyemjua hata sura. Mwenyewe yuko chumba cha pili. Basi acha kusoma, kunja gazeti, nenda ukamwambie kabla hajafika ukurasa huu.

Shangazi Verna