Dumu Chini ya Meza ya Sala

Mama Hilda, zima jiko kwanza ndipo usome!!

Leo jumuiya imesali kwangu. Nimetandika kitambaa cheupe mezani, nimewasha mshumaa. Katikati ya rozari Bibi Notburga akanyamaza, akanusa. "Mama Leticia, siku hizi mnauza petroli?"

Nikafunua kitambaa. Chini ya mshumaa unaowaka kuna dumu la lita ishirini! LITA ISHIRINI mwenzangu, na watu kumi na wanne tumepiga magoti!

Baba Leticia, mwenye bodaboda yake, ananijibu kwa upole kabisa: "Redio imesema serikali inaondoa ruzuku ya mafuta. Jumatano bei inapanda. Nimewahi."

Eti amewahi! Nikamuuliza, na makampuni ya mafuta je, nayo yanaumia? "Hapana, yenyewe yamesamehewa kodi, yasije yakakata tamaa."

Maskini weee, si tuyachangie hata sadaka! Yenyewe yasamehewe kodi, sisi tuungue na Salamu Maria mdomoni.

Sasa sikia. Nimembana alinunua na nani. Amesema na mumeo. Yenu ni madumu mawili, yako chini ya kitanda cha watoto.