Msusi Ameimeza “Nipo” ya Fundi

“Nilikutumia ‘nipo’ asubuhi, ukaisoma, ukanyamaza!”

Shoga, huyo ni Fundi Cherehani wetu, anamfokea Msusi mlangoni kwake. MSUSI! Wale wale wa kushinda kochi moja kutwa!

Si unajua makubaliano ya jengo letu? Mtandao ukisumbua, kiongozi atume “nipo” kila asubuhi. Asiposikika hadi adhuhuri, tunachagua mwingine, ili zamu za maji zisikose msimamizi.

Leo mtandao ulikuwa unakatakata. Ujumbe wa Fundi, kiongozi wetu, ulimfikia Msusi peke yake, na aliombwa kabisa atufikishie. Kimya! Adhuhuri tukapiga kura, tukamchagua nani? Msusi huyo huyo!

Fundi maskini hana habari. Kafungulia maji ghorofa ya chini kama kawaida, yakafungwa kwa amri ya kiongozi mpya. Kafungulia tena, yakafungwa tena. Akapanda ngazi na povu la sabuni mikononi, akidhani kuna mtoto anachezea koki. Akamkuta rafiki yake anapongezwa, sinia la chakula katikati yetu.

“Mtandao, dada,” Msusi akasema.

Fundi akamwonyesha simu. Tiki mbili, za bluu.

Shoga, sebule nzima tuliacha kutafuna.

“Haya, nilisoma,” Msusi akasema. “Ningewaambia upo, nani angenichagua mimi?”

Bila haya! Mbele ya watu! Eti nani angemchagua!

Fundi anatutazama mmoja mmoja tulivyolizunguka sinia. Hakutukana. Bora angetukana.

Msusi akamshika mkono, sauti laini kama ya jana na juzi: “Usisimame mlangoni kama mgeni, dada yangu. Ingia ule.”