Siku Baba Alipompungia Darcy Vibendera

Nyumba ya Wafanyakazi,
Shamba la Maziwa la Ockley,
Tallanbool, Victoria.
Jumatatu, 14 Julai

Mpendwa Shangazi Noeleen,

Hujambo huko kaskazini kwenye jua? Natumaini mgongo umetulia, na wale wachunga ng'ombe wa ranchi wanakula unachopika bila kulalamika. Sisi hatujambo. Baridi ya mwaka huu inakata masikio, asubuhi maji ya ndoo yanaganda juu, lakini kuni zipo na afya ipo. Maeve ameota meno mawili ya chini. Anauma kila kitu, juzi alimuuma daktari kidole.

Asante sana kwa yale magauni. La manjano linamtosha sasa hivi, lile lingine nimeliweka, maana kwa anavyokula halitakaa kabatini siku nyingi.

Sasa Shangazi, najua unaisubiri habari ya Baba. Unakumbuka nilikuandikia kwamba mume wangu Darcy ameacha kuchezea Merriwong, timu yetu ya kuzaliwa, akavua jezi ya kijani akavaa jezi nyekundu ya Tallanbool. Si kwamba alitaka. Kazi ya kukamua iko huku, nyumba tumepewa huku, na mtu anayeamka saa kumi alfajiri hawezi kuendesha gari saa nzima kwenda mazoezini na saa nzima kurudi. Nilidhani Baba atapiga kelele. Hakupiga. Alisema tu, "Basi sawa," na toka siku hiyo hajakanyaga kwetu. Maeve nikitaka amwone babu yake nilikuwa nampeleka mwenyewe, na Darcy anabaki.

Na wewe unajua ni nani aliyemfundisha Darcy kupiga mpira. Ni Baba huyo huyo, pale nyuma ya banda, Darcy akiwa hajafika hata begani kwangu. Ndiyo maana iliuma pande zote mbili. Mimi nikawa nalala na wazo moja: ubatizo wa Maeve ni mwezi ujao, na nilikuwa sijathubutu kumuuliza Baba kama atakubali kusimama kanisa moja na mkwe wake.

Basi Jumamosi Merriwong wakaja kucheza kwetu. Nilimvalisha Maeve koti la bluu ili asiwe wa upande wowote. Mama Val Pruitt, yule jirani yangu mwenye pikapu ya kijani, alituona akacheka, "Wewe Jacinta, unamvalisha mtoto kama refa!" Akatuita tukae kwenye gari lake, pua ya gari kwenye uzio kama wengine wote, blanketi miguuni, chupa ya chai katikati.

Na ni nani aliyesimama golini na koti jeupe na kofia, vibendera viwili mkononi? Baba! Kila timu inatoa mwamuzi wake wa goli, na Merriwong wamemtoa yeye kama kawaida yao. Darcy ni mfungaji. Robo ya pili na ya nne tunashambulia upande ule wa Baba, kwa hiyo kila goli la Darcy ni lazima Baba asimame katikati ya nguzo apunge vibendera vyote viwili, pointi sita, uwanja mzima unaangalia.

Shangazi, sitakuchosha na mchezo wote, maana haukuwa mchezo, ulikuwa kipigo. Vijana wao wengi wamehamia mjini na wengine walikuwa na mafua, wakaja pungufu. Kufika mapumziko magari yetu yalikuwa yamechoka kupiga honi. Mwanzoni kila goli ni honi uwanja mzima, Maeve analia, mimi nambembeleza. Baadaye honi zikawa chache, mwisho Val peke yake ndiye anayebonyeza, tena kwa kiwiko, mkono mwingine umeshika pai ya nyama.

Robo ile ya pili Darcy alifunga matano mbele ya Baba. Hakushangilia hata moja. Anapiga, anainamisha kichwa, anarudi zake. Na Baba anapunga, hamwangalii. Hivyo hivyo mara tano. Nilitamani ardhi ifunguke.

Mapumzikoni wazee wa timu yetu wakawakopesha Merriwong wachezaji wawili ili mechi iendelee kwa heshima. Na utacheka: goli moja tu walilopata Merriwong siku nzima lilifungwa na mmoja wa wale wawili wetu! Lilikuwa upande wa Baba. Alipunga vibendera kama anafukuza nyuki. Magari yote yakapiga honi, yao na yetu, watu wa Merriwong wakatoka nje kukumbatiana kama wamechukua kombe. Mzee mmoja wao akapaza sauti, "Sasa mtetemeke, tumeanza!" Val akatoa kichwa dirishani, "Hata goli lenyewe mmeazima! Mlirudishe limefuliwa!"

Kabla ya robo ya mwisho watu wakaingia uwanjani kama ada, wasikilize makocha. Mimi nikambeba Maeve nikaenda hadi golini kwa Baba. Nilitaka kumuuliza habari ya ubatizo, nilikuwa nimeyapanga maneno. Akamwangalia mtoto, akamfunga kofia vizuri. "Mfunike masikio, upepo huu mbaya." Basi. Nikarudi garini na swali langu.

Robo ya mwisho, Darcy ana magoli tisa. Watu wetu wakapata njaa upya, wanataka la kumi. "La kumi! La kumi!" Na dakika za mwisho kabisa Darcy akadaka mpira juu ya vichwa vya watu, akapewa nafasi ya kupiga bila kusumbuliwa, kama haki ya anayedaka. Akapiga. Mpira ukaenda juu, ukapita karibu kabisa na nguzo, na sisi wote tukapiga kelele za goli. Honi zikalia pande zote. Watu wakaanza kuruka uzio.

Baba alikuwa chini ya nguzo, ameinua shingo. Halafu akainua kidole kimoja tu, akachukua kibendera kimoja. Umegonga nguzo. Pointi moja, si goli.

We Shangazi! Matusi aliyotupiwa Baba pale sitaki kuyaandika. "Clem, vaa miwani!" "Mwizi wa kijani huyo!" "Umemnunia mkweo mpaka kwenye kazi?" Hiyo ya mwisho ilinichoma, kwa sababu kila mtu aliisikia. Val naye akafungua mlango akasimama juu ya kiti, "Hata ng'ombe wangu kipofu ameona ni goli!" Baba akaendelea kukipunga kibendera kile kile kimoja.

Ndipo Darcy akageuka. Akaja mbio mpaka kwenye uzio, kainua mikono miwili. "Nyamazeni! Umegonga nguzo! Mimi ndiye niliyepiga, nimeusikia. Mzee hajakosea!"

Val akamwambia, "Darcy, nyamaza basi, ni la kumi hilo!"

"Si la kumi, Mama Val. Ni pointi moja. Kaa chini, chai yako inapoa."

Watu wakacheka, kelele zikaisha. King'ora kikalia. Pointi mia mbili na tatu kwa tisa, Shangazi. Wekundu wote wakamiminika uwanjani, wanaimba wimbo wa timu, wanambeba Darcy mabegani. Yeye akajichomoa akaenda golini, Baba anakunja vibendera vyake. Mimi nikasukuma kigari cha mtoto kwenye matope mpaka nikafika nikiwa nahema.

Baba alikuwa anasema, "Ungenyamaza tu. Wote walikuwa upande wako."

Darcy akajibu, "Ingekuwa goli, Mzee, ningekudai mpaka nyumbani."

Baba akasema, "Bado unapiga umelalia kushoto. Nimekwambia mara ngapi? Ndiyo maana umegonga nguzo." Na bila hata kunigeukia mimi: "Nasikia kuna ubatizo. Au watu wa Merriwong hatutakiwi?"

"Mnatakiwa," Darcy akasema, "ila vibendera uviache nyumbani."

Shangazi, Baba alicheka. Kicheko kile chake cha puani. Mimi nilijifanya nafunga mikanda ya kigari nisionekane.

Jana Jumapili akaja kula chakula cha mchana. Nilichoma paja la kondoo na viazi, na mikono yake ilikuwa inamuuma kwa kupunga, hata chumvi alikuwa haifikii. Akasema Maeve awekwe mapajani mwake hapo hapo, hana nguvu ya kumwinua, na wa kulaumiwa yupo mezani. Baada ya kula wakatoka wote wawili na mpira malishoni, Baba anaonyesha mguu, Darcy anapiga, mpaka ng'ombe wakaja wenyewe kukamuliwa.

Ukimpigia simu, tafadhali usimuulize matokeo.

Nakuomba jambo moja. Ubatizo ni Jumapili ya mwisho ya Agosti. Najua ni mbali, na sijui kama ranchi watakupa ruhusa, lakini nilipomsindikiza Baba hadi kwenye gari alishusha kioo akasema, "Mwandikie Noeleen aje. Siwezi kukaa kanisani peke yangu kati ya wekundu wote hao." Sijamsikia Baba akiomba kitu toka nizaliwe. Njoo, Shangazi. Chumba cha Maeve kina kitanda chako.

Nisalimie Mjomba Ross na binamu yangu Imogen, mwambie skafu yake ya kijani nimeiona chini ya kabati la Baba, ipo salama. Darcy anakusalimu. Maeve anakutumia mate, maana karatasi hii ameishika kabla yangu.

Mungu akulinde na barabara zile ndefu, akulete kwetu salama.

Mtoto wako akupendaye kila siku,
Jacinta