Maji ya Kumwonyesha Rais

Jumapili, 3 Agosti

Mwanangu Kifaranga amelala. Nguo chafu zinaniangalia kutoka kwenye beseni. Ziniangalie tu.

Mdogo wangu kinyozi alikuja mchana. Siku hizi akija natamani kuificha redio, ila leo sikuwahi. Mwalimu mmoja akasikika anasema rais amekosea kwenye mambo ya ada za shule. Basi! Baba Kifaranga akasimama kama kamwagiwa chai mapajani. Huyo mwalimu hana uzalendo, kumsema rais ni kuitukana nchi. Mdogo wangu akamuuliza: kwa hiyo nchi ina kitambi na tai, shemeji?

Mume wangu hakucheka. Zamani angecheka. Hawa wawili walikuwa wakienda mpirani pamoja, wanarudi sauti zimekauka kwa kuishangilia timu moja. Sasa mmoja haivui fulana ya chama mpaka nimvizie niifue. Mwingine leo nilimpa kikombe bila kuangalia, kile chenye picha ya rais. Akakizungusha mpaka picha ikatazama ukuta, ndipo akanywa.

Mimi huyo rais nilimpigia kura. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuniuliza.

Jumanne, 5 Agosti

Makubwa! Sista Mkuu wa hospitali kaniita ofisini nikiwa bado na fagio mkononi. Nikadhani nimeharibu kitu. Kumbe rais anakuja Jumanne ijayo kufungua wodi mpya ya wazazi, na anatakiwa mama mmoja wa kusema asante mbele ya watu. Kanichagua mimi. Mfanyakazi wa hapahapa, nimejifungua hapahapa, na mtoto ana mashavu. (Kayasema hayo ya mashavu kama sifa ya kazi.) Akaongeza taratibu, bila kuniangalia, kwamba wafanya usafi wenye mkataba wa muda wakionekana wakati kama huo, ajira ya kudumu huwa haiwi mbali.

Ajira ya kudumu! Likizo ya uzazi yenye mshahara. Nisirudi tena kazini na kidonda hakijapona, kama safari hii.

Halafu akanipa karatasi, akanisomea maneno ya kusema. Mazuri. Katikati kuna: "Tunakushukuru kwa maji safi yanayotiririka wodini."

Maji gani?

Fundi bomba mwenyewe alituambia, mimi na Mama Pacha, mfanya usafi mwenzangu, tukiwa tunapiga deki: bomba limekuja likaishia kwenye uzio. Kutoka uzio hadi wodini ni ukuta umepakwa rangi, sinki nyeupe na koki zinazong'aa. Ukizifungua zinakohoa. Nilimwambia Sista. Akasema, najua, mwanangu, kajifunze maneno.

Jumatano, 6 Agosti

Nilimwambia Baba Kifaranga asubuhi anapiga mswaki. Alinikumbatia na povu mdomoni. Mke wangu na rais! Akaanza kuwaza watu wa tawini watasema nini.

Nikamwambia habari ya bomba. Nikasema ningependa kuongeza sentensi moja tu. Asante, na tunaomba bomba limaliziwe. Kwa heshima, kama ninavyoomba kitu kwa baba yangu.

Uso ukabadilika. Usithubutu. Mbele ya kamera? Maadui wa nchi watashangilia wiki nzima. Mwenye mapenzi na nchi yake anafunika aibu, haitandazi uani.

Nikamwambia: juzi ulisema mchuzi umezidi chumvi. Je, nilikuita adui wa nyumba hii? Nilijua unataka kuula, ndiyo maana ulisema.

Akasema mchuzi si nchi. Kweli si nchi. Ila mchuzi ndio ninaoujua mimi.

Mchana wote nimewaza. Labda ana haki kidogo. Kuna watu kweli hawamtakii rais mema, hata akitembea juu ya maji watasema hajui kuogelea. Nikisema lile la bomba, nitakuwa nimesimama upande wao? Au upande ni kitu cha fulana tu, na mwanamke aliyelala pale kitandani hana upande, ana damu miguuni na anataka kuoga?

Nakumbuka siku yangu. Mama Pacha alivuka barabara na ndoo kwenda kuniombea maji kwa watu. Aliporudi yalikuwa nusu, mengine yamemwagikia sketi yake. Alinisafisha kwa kitambaa kama mtoto wake. Sijui yeye anapigia kura nani. Sijawahi kuwaza kumuuliza.

Ijumaa, 8 Agosti

Nilipita kwa kinyozi. Nilitaka mtu wa kuniambia niseme. Akaniambia niseme — akaniharibia kabisa!

Alizima mashine, akamwacha mteja na nusu kichwa. Dada, hiyo ndiyo! Waumbue! Atakuja na simu, atarekodi, nisiseme "tunaomba", niseme tumedanganywa, nitupe ile karatasi chini. Macho yanamwaka. Mteja naye anaitikia kwa kile kichwa chake cha nusu.

Nikamuuliza: bomba likimaliziwa kesho utafurahi?

Akasema, basi watajisifia.

Hapo nikachoka. Mimi wodi isiyo na maji inaniuma. Yeye inampa raha. Anasema neno lilelile ninalotaka kusema mimi, lakini mdomoni mwake lina ladha nyingine. Nilimwambia asije na simu. Kasema nimetekwa na mume. Nikamwambia amalize kunyoa watu.

Jumamosi, 9 Agosti

Kifaranga anaota meno. Kalia mchana kutwa. Siandiki.

Jumapili, 10 Agosti

Mazoezi ya hafla. Tulisimama juani, kiti kitupu kikiwa ndiye rais. Nilikishukuru kile kiti mara nne. Afisa itifaki aliyetoka makao makuu — mwembamba, suti yake kama imepigwa pasi akiwa ndani — anasema nitabasamu zaidi.

Baadaye nilimfuata Sista Mkuu pembeni. Nikamwambia ukweli: ile sentensi ya maji haishuki kooni. Nilidhani atafoka. Akaketi kwenye ngazi, akavua viatu. Miguu imemvimba. Akasema amelalamikia bomba hilo kwa kila mtu mwenye ofisi. Huko juu imeshasemwa kazi imekamilika, na rais mwenyewe ameambiwa hivyo. Sasa atakayesema haijakamilika anamfanya mtu fulani kuwa mwongo, na huyo mtu si mimi wala wewe, ana meno.

Kwa hiyo rais hajui!

Limenikaa kichwani hilo. Wote hawa wanaompenda, wanaoimba na kuvaa uso wake kifuani, wanamwacha asimame mbele ya nchi nzima afungue koki ya uongo. Huo ndio upendo? Mimi mtu ninayempenda akiwa na uchafu kwenye jino namwambia kabla hajatoka. Sisubiri maadui wamwambie.

Ila mimi nina mtoto. Nina mkataba unaoisha. Rahisi kuwa jasiri daftarini.

Jumatatu, 11 Agosti

Limekuja lori la maji! Wamepanda juu wakajaza tangi dogo la darini lililoungwa na koki za wodini. Afisa itifaki akafungua koki ya sinki ya kwanza — mmwaa! Akapiga makofi peke yake. Kesho rais atafungua hiyo hiyo, atanawa mikono, picha zitapigwa.

Kwa hiyo kesho sentensi yangu ni ya kweli. Maji yanatiririka. Nikiomba bomba, nitaonekana mwongo na koki iko nyuma yangu inamwagika.

Baba Kifaranga amefurahi. Unaona? Ulikuwa na haraka. Nikamuuliza, na keshokutwa? Akasema keshokutwa ni keshokutwa. Lakini aliposema hakuniangalia, alikuwa anakunja fulana yake. Hata yeye, siku ile nimejifungua, aliniona nimelowa damu. Hawezi kuwa amesahau.

Jumanne, 12 Agosti

Niko stoo ya mafagio. Kifaranga ananyonya, naandika kwa mkono mmoja. Daftari lilikuwa mfukoni mwa aproni. Nisipoandika nitapiga kelele.

Asubuhi waliwahamishia wodi mpya wazazi sita, vitanda vyenye shuka mpya, ili rais akute watu. Mmoja kajifungua alfajiri, msichana mdogo kuliko mimi, hajaoga bado. Nilikuwa nafuta sinki. Nikafungua koki nisuuze kitambaa. Maji yakatoka.

Sasa, sisi wa hapa tuna ugonjwa. Sauti ya maji ikisikika, hatuulizi, tunakinga. Mkono wangu ulichukua ndoo wenyewe, wallahi, kabla kichwa hakijakumbuka rais. Mama Pacha akasikia, akaja na ndoo mbili. Wazazi wakasikia. Aliyeweza kutembea akaja na beseni, asiyeweza akamtuma mama yake na jagi. Wauguzi wakaja na madumu ya chumba cha kuzalia. Koki zote zimefunguliwa! Watu wanacheka, wanaitana, njoo mwenzangu yanatoka! Hakuna aliyekusudia ubaya. Hata Sista Mkuu nilimwona anakinga birika.

Halafu koki zikakohoa.

Tukaangaliana, kila mtu na chombo chake kimejaa, kama wezi waliokutana mlango mmoja.

Afisa itifaki aliingia, akafungua, ikakohoa. Akafungua nyingine. Uso ukampauka. Nani kafanya hujuma hii? Nani katumwa? Mama Pacha akamjibu, baba, hatukutumwa na mtu, hapa maji yakitoka tunakinga. Akasema huo ni usaliti. Usaliti, mwanamke na beseni! Kuna mzazi alicheka, akaanza kulia papo hapo.

Lori haliwezi kurudi. Barabara zimefungwa kwa ajili ya msafara. Basi imeamuliwa maji yarudishwe. Vijana wa chama wanaosimamia viti wameitwa, wanakusanya ndoo, mabeseni, hata lile birika. Na aliye juu ya ngazi, anayepokea na kumimina tangini, amelowa fulana mpaka uso wa rais kifuani umekunjamana — ni Baba Kifaranga. Macho yetu yalikutana nikiwa chini. Akanyoosha mkono, lete nyingine.

Yule msichana alikuwa na ndoo yake ya kuogea chini ya kitanda. Alinishika aproni. Dada, hii pia? Damu imemkaukia miguuni.

Nikaibeba. Waliodhani naipeleka kwenye ngazi, walidhani. Nimekuja nayo huku.

Nasikia ving'ora. Nasikia ngoma na nyimbo. Nasikia spika inajaribiwa, moja mbili, moja mbili. Karatasi yangu iko mezani kwa Sista, nimeiacha makusudi. Nikiitwa jukwaani sijui mdomo utasema nini. Nadhani najua, ila naogopa kuyaandika.

Hodi.

Ni Baba Kifaranga. Sauti ya chini, anahema. Mama Kifaranga, tangi limebakiza kidogo tu koki itoe. Ndoo moja. Wanasema uliibeba wewe. Rais yuko getini.

Naendelea kunyonyesha.

Mke wangu, tafadhali.

Huyu mtu hasemi tafadhali. Kifaranga kasikia sauti ya baba yake, ameachia titi, anacheka na mlango.

Ndoo ina mfuniko. Nimeikalia.

Nimemwambia mlango hauna ufunguo, aingie. Aingie anitazame, kisha aniambie haya maji nimnawishe nani.

Kitasa kinazunguka. Sijanyanyuka.