Sekunde Kumi na Moja

Mdogo wangu,

Natumai barua hii inakukuta mzima, wewe, wifi na watoto. Mimi nipo, ila magoti yamegoma, na ngazi za hapa nyumbani nazipanda kwa mapumziko. Tangu nistaafu nalala sana na bado naamka nimechoka.

Wiki iliyopita alinijia mtangazaji wa redio, mama mmoja mcheshi, anayeandaa kipindi cha mambo ya ajabu yaliyojificha ndani ya nyimbo za zamani. Alinichekesha kwa wimbo ambao ngoma yake ilikuwa sanduku la nguo, na mwingine ambao kiitikio kiliimbwa na mfagiaji wa studio kwa sababu mwimbaji alipotelea baa. Kisha akauliza kuhusu ule wimbo wa bendi yenu, pale katikati ala zote zinaponyamaza sekunde kumi na moja. Kwa kuwa mimi ndiye fundi mitambo niliyerekodi, alitaka nithibitishe maneno ya kiongozi wenu, kwamba ukimya ule alimwachia marehemu mama yake. Alisema watu huulilia misibani.

Nikaenda jikoni kunywa maji, nikakawia huko. Jambo hili nimelibeba miaka thelathini na moja, na sasa nimechoka nalo.

Unakumbuka wenzako waliiacha nafasi ile wazi, na kesho yake ukaja peke yako kuijaza kwa gitaa. Ulipoondoka nilirudisha utepe nikusikilize tena, nikabonyeza kitufe cha kurekodi badala ya cha kusikiliza. Nilipogundua, gitaa lako lote lilikuwa limefutika. Kiongozi alipokuja kuchukua utepe, niliogopa kibarua changu kisije kikaota nyasi. Nikamwambia ulipiga ovyo, nikaona heri nifute. Naye akasema siku za studio zimekwisha, akaupeleka wimbo hivyo hivyo, na wewe akakutoa kwenye bendi.

Jioni ile ulikuja chumbani kwangu, ukakaa kitandani, ukauliza, "Dada, kweli nilipiga vibaya?"

Mimi nikaendelea kukunja nguo.

Ukaliuza gitaa, ukaenda kujifunza kuchomelea vyuma. Hukuuliza tena.

Hukupiga vibaya, mdogo wangu. Nilirudi sebuleni nikamweleza mtangazaji yote, na kipindi kitarushwa Jumamosi saa nne asubuhi. Sikutaka uyasikie karakana mbele za watu kabla hujayasikia kwangu. Msamaha siuombi kwa barua. Nikipata nafuu ya magoti nitakuja mwenyewe, na ukinifungia mlango nitaelewa.

Mtangazaji aliomba nimwimbie japo kidogo ulivyopiga siku ile. Nilijaribu, nikashindwa. Mbali na wewe, ni mimi tu niliyewahi kukisikia kipande kile, na mimi gitaa sijui.

Nisalimie wifi. Watoto waambie shangazi yao anawakumbuka.

Dada yako