Redieta Isiyo na Kifuniko

Jumatatu, 3 Februari 2025

Miaka thelathini na moja nimeendesha lori la mifugo — Garissa, Wajir, Bute — na injini haijanichemkia hata siku moja. Hata moja! Nimemwambia Filsan hivyo leo mchana, nimesimama nyuma ya kiti chake, mikono kiunoni kama DC.

Sawa. Mara moja. Njia ya Bute. Lakini ilikuwa belti, si mimi, na Filsan hakuwa amezaliwa, kwa hiyo ushahidi hana.

Majigambo yameletwa na kompyuta yake. Imezimika tena, mara ya nne tangu asubuhi. Filsan ni mjukuu wangu, mtoto wa Ramla binti yangu. Anatengeneza filamu za harusi chumba cha mbele: anakata, anaunganisha, anaweka nyimbo, halafu anaiambia mashine ipike yote iwe filamu moja. Hapo ndipo inapokufa. Joto la mwezi huu hata ngamia anatafuta kivuli, na ile mashine ina kifeni cha kuchezea watoto. Dakika ishirini — pu! Kioo cheusi.

Na si harusi ya mtu hivi hivi. Ni ya binti wa Maka. Maka anaitaka filamu Alhamisi tarehe 20, wanawake wakikusanyika kwake kumuaga binti anayekwenda kwa mumewe Mandera. Amepiga simu mara tatu leo. Huyo mama akipiga, hata simu yenyewe inakaa wima.

Ramla amesema neno lake jikoni, kwa sauti ya kunisikilizisha: hii ya Maka ikiharibika, basi, Filsan ahamie Eastleigh, Nairobi, kwa Fartun, mama yake mdogo. Huko kuna studio yenye AC. Akafanye kazi na watu wenye akili.

Watu wenye akili! Na mimi nani atanisomea karatasi za dawa? Nani atabishana nami? Ramla habishani. Ramla anaamuru.

(Naandika Kiswahili kwa sababu Ramla anakisoma polepole na hana subira. Darasa la nne limenifaa.)

Jumanne, 4 Februari 2025

Filsan amehamisha meza karibu na dirisha, ati kompyuta ipate hewa. Kiwiko chake kikapiga chupa ya chai ya Ramla, ile kubwa ya maua iliyotoka Ifo, inayotolewa kwa wageni tu. Chali! Vigae mpaka mlangoni.

Ramla akaingia mbio. Nani?

Nikasema: mbuzi.

Madoa alikuwa amesimama mlangoni anatafuna kartoni, na sura yake siku zote ni ya mwenye hatia. Alipigwa ndala mbili. Filsan alikuwa mweupe kama unga. Baadaye akaninong'oneza mimi babu yake, "Awowe, nina deni moja kwako. Dai wakati wowote."

Nimeliandika hapa.

Jumatano, 5 Februari 2025

Nimetundika gunia bichi dirishani. Sisi madereva ndivyo tulivyopoza maji ya kunywa: gunia linalowa, upepo unapita, joto linaondoka. Filsan akakunja pua. Maji na umeme, awowe! Lakini mashine ilikaa dakika arobaini na tatu kabla ya kufa. Arobaini na tatu!

Ramla amerudi kutoka kuuza maziwa, ameona matone sakafuni, ameling'oa gunia na kulitupa uani. Hakuuliza dakika.

Alhamisi, 6 Februari 2025

Tumekwenda kwa Salah. Ana duka la simu na kompyuta, na marehemu baba yake alikuwa dalali wa ng'ombe, mifugo yake nilibeba mimi. Kijana mzuri. Anasema sana.

Akasema dawa ni kipoza maji. Kumbe ni nini? Redieta! Redieta ndogo, mipira miwili ya maji, na pampu inayokaa juu ya ile prosesa, yaani bongo la mashine, linalowaka moto. Maji yanachukua joto bongoni, yanalipeleka kwenye redieta, feni zinalipuliza nje. Nusura nicheke mpaka nianguke. Vijana wamesoma miaka kumi na sita waje kugundua lori.

Kuna dude la feni moja, la feni mbili, la feni tatu. Salah ana la feni tatu hapo hapo dukani, kwa hiyo, ajabu, linatufaa la feni tatu. Lina taa za rangi saba na kikioo cha kuonyesha joto.

Nikauliza, "Hizo taa zinapoza?"

"Hapana adeer, ami yangu, ni za kupendeza."

"Basi zioe."

Akaendelea: ukifunga hii, kompyuta itakuwa baridi kama friji. Hapo nikakasirika kweli. Redieta haitengenezi baridi! Inahamisha joto kutoka hapa kwenda pale. Na kama pale ni Garissa mwezi wa pili, utahamisha mpaka uchoke. Filsan akasema, "Salah, awowe amesema kweli." Nikarekebisha shali yangu kwa raha.

Salah hakufurahi. Akageuka, akatabasamu kama baba yake, akasema, "Adeer, si ni wewe lori lako lilichemka njia ya Bura? Baba alisimulia mpaka anaingia kaburini."

Filsan akanitazama.

Mara mbili, basi.

Ijumaa, 7 Februari 2025

Simu za Maka: tano. Mashine kuzimika: sita. Mimi nilitaka feni kubwa ya kawaida ya kukaa juu ya prosesa, haina mpira, haina pampu, haina cha kuvuja. Filsan amepima: ni ndefu, kasha la kompyuta halitafungika. Kila ninachotaka ni kirefu au kifupi.

Jumapili, 9 Februari 2025

Ugomvi wa vipimo. Nimepima mbele ya kasha kwa shibiri: mbili kamili. La feni tatu linaingia! Nilishasahau kwamba nalichukia, nilifurahi tu kupima.

Filsan akaleta rula. Haliingii. La feni mbili ndilo linaingia, tena kwa kubana.

Nikamwambia rula yake ni ya Kichina. Shibiri yangu imepima maturubai tangu kabla ya baba yake kuota ndevu. Akachukua mkono wangu, akaulaza juu ya rula, akanionyesha. Vidole vimejikunja. Shibiri yangu imepungua inchi nzima na zaidi, na hakuna mtu aliyenijulisha.

Akaushikilia mkono kidogo. Kisha akasema, "Awowe, feni mbili zinatosha." Akaenda kuchemsha chai.

Upuuzi mtupu, hii biashara ya kompyuta.

Jumanne, 11 Februari 2025

Tumeagiza la feni mbili, lisilo na taa. Filsan amemuuliza Salah mambo mengi: lina miguu ya kukaa kwenye prosesa yake? Ile dawa ya kijivu ya kupaka katikati imo? Mipira ina urefu gani? Salah anajibu kila kitu "ipo, ipo". Filsan akamlazimisha kufungua simu na kusoma. Miguu ilikuwa ya namba nyingine! Akabadilisha agizo. Ningelikuwa peke yangu ningelirudi nyumbani na redieta ya trekta.

Ikabaki bei. Nikavua shali, nikafunika mkono wangu na wa Salah, tukaongea kwa vidole kama sokoni kwa ng'ombe, ambapo bei haisemwi kwa mdomo mtu mwingine akaisikia. Nilidhani hajui. Anajua! Baba yake alimfundisha. Nikambana kidole, akanibana, nikashika viwili, akakataa, nikakuna kiganja. Mteja mmoja mwenye simu iliyopasuka alitutazama kama wachawi.

Bei siiandiki. Vidole ni siri. Ila nilishinda.

(Filsan anasema mtandaoni ni hiyo hiyo.)

Litakuja na basi la Nairobi. Kesho kutwa, anasema Salah.

Alhamisi, 13 Februari 2025

Halijaja.

Jumamosi, 15 Februari 2025

Halijaja! Salah ati liko Mwingi. Linafanya nini Mwingi? Lina shamba? Ramla ameshaongea na Fartun. Nimemsikia akisema godoro lipo. Filsan aliendelea kukata na kuunganisha, akigusa ubavu wa kasha kila dakika kama mama anayepima homa.

Nimemuuliza anataka kwenda? Akasema, "Awowe, mimi nataka imalizike tu." Hilo si jibu. Halafu akasema wateja wake wako hapa, wanamwamini hapa, Eastleigh angeanza kwa kubebea watu waya.

Hilo ni jibu.

Jumatatu, 17 Februari 2025

Limekuja! Asubuhi, ndani ya boksi la kupendeza kuliko mahari ya watu wengine. Salah atakuja kufunga saa kumi. Filsan ameenda kwa Maka kuchukua picha za mwisho, kisha atapitia dukani waje pamoja. Kuanzia leo jioni mpaka Alhamisi, Filsan anasema, muda upo. Hauzidi, lakini upo. Ramla yuko sokoni na maziwa. Nimebaki mimi, boksi, na Madoa mlangoni.

Filsan alisema, "Awowe, usiliguse."

Nitaandika ukweli, kwa kuwa hakuna anayesoma. Njia ya Bura haikuwa belti. Wala ya Bute, iliyotangulia. Bura niliondoka asubuhi bila kuangalia maji. Basi, hivyo tu. Nilikuwa na haraka, nilikuwa na miaka ishirini na tisa, nikasema yapo. Mbuzi sabini wakasimama juani tangu saa nne mpaka alasiri, na mimi nikafungua kifuniko kikiwa moto, alama iko mkononi mpaka leo. Mbuzi kumi na wawili hawakufika. Baba yake Salah hakunifokea. Alihesabu tu. Tangu siku hiyo hakuna chombo kimeondoka mbele yangu bila mimi kuangalia maji. Hakuna.

Kwa hiyo nimeliangalia.

Nimelitoa boksini, nimelitikisa karibu na sikio. Glu-glu. Glu-glu! Dereva yeyote anajua mlio huo: halijajaa. Limetoka kiwandani, limekaa Mwingi siku mbili, na halijajaa! Na leo usiku kucha lipike harusi ya Maka?

Nikatafuta kifuniko. Juu, chini, kando. Hakuna! Redieta haina kifuniko! Ni mtu gani anatengeneza redieta bila kifuniko? Anapojaza anajazia wapi — puani?

Pembeni kuna kikaratasi kimebandikwa. Kimekataza kufungua, kwa Kiingereza. Nimekisoma vizuri kabisa. Lakini na redieta ya lori imeandikwa usifungue, na ningelitii ningelikuwa bado njia ya Bute. Nikakibandua. Chini yake, skrubu ndogo. Aha! Nikaizungusha kwa ncha ya kisu cha matunda.

Maji yakaruka. Si maji, ni ile dawa ya kijani. Juu ya kanzu, juu ya zulia la Ramla, lile la wageni, jipya, ambalo hata mimi nalikanyaga kwa ruhusa. Nikageuza redieta, ikamwaga upande wa pili. Nikaongeza maji ya kunywa kwa kikombe, yakaingia kidogo, yakatoka mengi. Skrubu sijui imeenda wapi. Nimepapasa kila mahali. Madoa akaja kulamba, nikamfukuza kwa fimbo, kwa sababu dawa hiyo ni sumu. Nimemwokoa maisha, yule mbuzi. Akumbuke.

Sasa nimekaa chini. Kidole gumba cha kushoto kimeziba tundu, mkono wa kulia unaandika. Nikikitoa, linavuja. Daftari liko gotini. Ndoo ya maji iko karibu, na lile gunia nililookota uani nimelivuta kwa mguu mpaka limeingia ndooni, linalowa. Dakika arobaini na tatu. Filamu ya Maka inataka masaa, najua, lakini labda ikikatwa vipande vipande, kipande dakika arobaini, gunia likibadilishwa mara kwa mara… mimi silali mapema. Naweza kubadilisha magunia mpaka Alhamisi. Nitamwambia Filsan. Kama atanisikiliza. Kama nitapata nafasi ya kusema kabla ya mama yake.

Mara tatu. Andika hivyo, Hirsi. Zimekuwa tatu.

Geti. Wamefika. Nasikia bisibisi za Salah zikigongana mfukoni, na sauti ya Filsan, anacheka. Nyuma yao — ya Rabbi! — Ramla, na madumu yake matupu. Amefunga mapema.

Nimemwita Filsan dirishani, polepole. Ameniona. Ameona zulia. Ameona kidole.

Filsan, mjukuu wangu, njoo wewe kwanza, peke yako. Ile chupa ya chai unaikumbuka? Leo nadai. Mwambie mama yako ni Madoa.